Jioni ya Maswali Mjini Memphis

Katika nyumba nyingi zenye vijana wa kiume, picha za wachezaji wa kikapu wa Marekani zimejaa ukutani kuliko kalenda ya kanisa. Nyumba yetu ni mojawapo. Kijana wetu wa pili alikuwa na miaka 17 mwaka 2024, yuko kidato cha tatu, na urefu wake ulikuwa umefika mahali ambapo alilala kitandani amekunja magoti. Mwezi wa Julai mwaka huo alitujia nyumbani bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa ni wakala wa wachezaji. Alimsimamisha kijana penye fremu ya mlango, akampima kwa utepe, akapata mita 1.98. Akasema tukimpatia shilingi milioni nane za viza na za nafasi ya shule, kijana atakuwa Marekani kabla ya Pasaka, na baada ya miaka miwili sisi wazazi tutakuwa tunajenga ghorofa.

Nyumbani tukagawanyika. Baba alitaka tuuze kiwanja chetu cha Kibaha. Mama hakutaka, ila hakuwa na hoja nyingine zaidi ya kusema kwamba moyo wake umekataa. Tulifunga siku tatu na kuomba, na siku ya nne kila mmoja wetu akaamka na jibu lile lile alilolala nalo.

Tukamwambia yule bwana asubiri. Mwezi wa Oktoba tulikuwa tumealikwa Memphis, katika jimbo la Tennessee, kwenye harusi ya binti wa wifi. Wifi ameishi huko zaidi ya miaka ishirini, na ni shabiki mkubwa wa timu ya kikapu ya mji ule, Memphis Grizzlies. Tulipomweleza habari za wakala, alicheka kwenye simu akasema, "Njooni. Viongozi wa timu wametualika sisi wenye tiketi za msimu mzima tukawaulize maswali. Mtawauliza wenyewe."

Mji wa mto

Memphis umejengwa juu ya genge, ukingoni mwa mto Mississippi. Mto wenyewe ni mpana, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo ya pili ni jimbo jingine, Arkansas. Sisi tuliozoea kuuona Rufiji tulisimama pale jioni ya kwanza tukajisikia si wageni sana.

Shemeji anafanya kazi ya usiku uwanja wa ndege. Kampuni ya FedEx ilianza kusafirisha vifurushi kutoka mji huo mwaka 1973, na hadi leo ndege zake hutua usiku mmoja baada ya mwingine, taa zao zimepangana angani kama shanga. Tulipopita mjini wifi alituonyesha hospitali ya St. Jude, iliyofunguliwa mwaka 1962 kwa ajili ya watoto wenye saratani na maradhi mengine mazito, ambako familia haipelekewi ankara ya matibabu. Mama, ambaye ni nesi, aliomba gari lisimame kidogo aitazame.

Ukumbini

Grizzlies huchezea katika ukumbi wa FedExForum, uliofunguliwa mwaka 2004, kando ya mtaa wa Beale unaojulikana kwa muziki wake. Siku ya mchezo ukumbi huchukua watu zaidi ya 17,000. Jioni ile tulikuwa mia chache tu, tumekaa viti vya chini ambavyo wifi hajawahi kuvikalia, maana tiketi yake ni ya juu kabisa karibu na paa.

Mbele yetu waliketi watu ambao mtazamaji wa mchezo hawaoni. Yuko meneja mkuu, anayeamua nani asajiliwe na nani auzwe. Wako wasaka vipaji wanaozunguka kutazama vijana, wako wa upande wa tiba, na wako wanaohesabu mishahara, kwa sababu ligi inaweka kiwango. Kwa msimu wa 2024 hadi 2025 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 140 na ushei kwa kila timu, na timu ikikizidi hubanwa na masharti mengine.

Mashabiki waliuliza bila woga. Ilitukumbusha mkutano mkuu wa usharika siku ya kusoma mapato na matumizi. Msimu uliotangulia timu ilikuwa imeshinda mara 27 na kushindwa mara 55. Nyota wao, Ja Morant, alifungiwa michezo 25 mwanzoni, akacheza 9 tu, kisha bega likaumia akafanyiwa upasuaji. Wengine wengi waliumia pia, hata timu ikatumia wachezaji 33 katika msimu mmoja, hesabu ambayo haikuwahi kufikiwa katika ligi ile. Mzee mmoja mwenye kofia aliuliza kama ni bahati mbaya au wanafanyishwa mazoezi vibaya. Mama alitikisa kichwa kukubaliana na swali. Wodini pia, wagonjwa wengi wakipatwa na tatizo moja, hatusemi bahati mbaya kabla ya kuchunguza.

Kisha kijana mmoja akauliza habari za Zach Edey, mchezaji mpya kutoka Kanada, mwenye urefu wa mita 2.24, aliyechaguliwa wa tisa mwezi Juni 2024. Kabla hajajibiwa, sauti ikatoka nyuma: "Isije ikawa kama 2009!" Ukumbi ukacheka.

Sisi hatukucheka. Wa mwaka 2009 alikuwa wa kwetu.

Mtoto wa Dar es Salaam

Wasomaji wengi watamkumbuka Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa kijana tayari, akasoma na kucheza Chuo Kikuu cha Connecticut kwa miaka mitatu. Mwezi Juni 2009 Grizzlies walimchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Huku nyumbani tulishangilia kana kwamba sote tumechaguliwa.

Ila mambo hayakwenda kama tulivyotazamia. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1 kwa mchezo. Februari 2010 timu ilimpeleka kwa muda Dakota Kaskazini, kwenye ligi ndogo ya kujifunza, na hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Februari 2011 wakambadilisha kwa wachezaji wengine, akaenda Houston. Alicheza mara ya mwisho katika NBA msimu wa 2013 hadi 2014. Sisi tulizijua habari hizo kutoka magazetini. Kuzisikia zikichekewa katika ukumbi ule ule alimochezea ni jambo jingine. Tulimfikiria mama yake.

Swali letu

Wifi alitusukuma kwa kiwiko. "Wifi, simama wewe. Wewe ni nesi, umezoea kuuliza watu mambo magumu."

Mama akasimama. Magoti yalitetemeka, na Kiingereza chake cha hospitali kikatoka polepole. Alisema tumetoka Tanzania, tuna kijana wa miaka 17, na kuna mtu anadai fedha ili amlete huku. Akauliza maswali matatu. Je, timu huchukua watoto kwa njia hiyo? Kijana akiumia, nani humwangalia? Na akiachwa, anakwenda kwa nani?

Ukumbi ulinyamaza. Aliyejibu, mmoja wa viongozi wa timu, alijibu kwa heshima. La kwanza, alisema, ligi haichukui kijana wa sekondari. Tangu mwaka 2006 ni lazima awe ametimiza miaka 19 katika mwaka anaochaguliwa. Njia ya wengi hupita chuo kikuu, na chuo kinachomtaka mchezaji kweli humpa ufadhili wa masomo, chakula na malazi. Zipo pia kambi kama Basketball Without Borders, iliyofika Afrika mara ya kwanza mwaka 2003, na huko vijana hualikwa. Akasema mzazi akiombwa fedha ili mtoto wake aonwe, ashike mkoba wake vizuri.

La pili, timu ina madaktari na wataalamu wa viungo, na tangu 1986 ligi huwafundisha wachezaji wapya habari za fedha, marafiki wabaya na upweke. Lakini akatukumbusha hesabu. Timu ni 30, na kila moja ina nafasi 15 za kudumu. Mama akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya mwaliko wa harusi: watu 450, na wachache wa nafasi za muda, kutoka dunia nzima.

Kwa swali la tatu alisema machache, kwamba hii ni kazi, na kazi huisha. Hatumlaumu. Swali lile halikuwa la ofisi yake.

Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja mzee wa Kimarekani Mweusi, amevaa jezi ya timu juu ya gauni, alimshika Mama mkono. Alisema ni shabiki tangu timu ilipohamia Memphis kutoka Vancouver mwaka 2001. "Yule kijana wenu," alisema, "nilimsema sana kwa kinywa changu, kila mchezo. Nina wajukuu wa umri wake. Leo nimeona haya." Akatuuliza kama tumekwisha kufika Lorraine. Tukasema bado. "Nendeni kesho kabla hamjaamua lolote," akasema.

Lorraine

Kutoka ukumbini hadi hoteli ya Lorraine ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. Ni jengo dogo la ghorofa moja, milango yake ya rangi ya samawati, na mbele ya chumba namba 306 limetundikwa shada la maua. Hapo ndipo Mchungaji Martin Luther King alipopigwa risasi tarehe 4 Aprili 1968. Tangu 1991 pamekuwa makumbusho ya haki za raia.

Tulijua alikufa Memphis. Hatukujua vizuri alikuja kufanya nini. Alikuja kwa ajili ya wazoa taka. Tarehe 1 Februari 1968 wafanyakazi wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukajiwasha, ukawaua. Wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Walitembea barabarani na mabango yenye maneno machache: Mimi ni mwanamume. Waliandika hivyo kwa sababu mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa "kijana" na bwana wake mpaka anazeeka. Walikuwa wanakataa kuhesabiwa kama chombo cha kazi.

Tulisoma pia habari za mama mwenye hoteli, Loree Bailey. Siku ile ya risasi alipata kiharusi, akafa tarehe 9 Aprili, siku aliyozikwa King. Katika vitabu huandikwa mistari miwili tu juu yake. Sisi tulisimama pale kwa muda mrefu.

Ndipo Baba akasema, bila kuulizwa, "Yule bwana alimpima mtoto wetu mlangoni kama mbao." Hakusema zaidi, wala Mama hakuongeza neno. Safari nzima hatukuzungumza tena habari za kuuza kiwanja.

Nyumbani

Tuliporudi tulimpigia wakala, tukamwomba jina la shule na namba ya simu ya mwalimu wake. Aliahidi kuleta kesho. Siku ya tatu simu yake haikupatikana tena.

Kijana wetu alikasirika. Alikaa siku mbili haongei nasi, anakula na kuondoka mezani. Hatukumkemea, kwa sababu kuvunjiwa ndoto ni msiba nao. Siku ya tatu aliuliza yule Edey alisoma wapi. Tulimwambia alikaa Chuo Kikuu cha Purdue miaka minne kabla ya kuchaguliwa. Akanyamaza, akachukua daftari la hesabu. Mwaka 2025 aliingia kidato cha nne, na jioni bado anacheza kwenye kiwanja cha saruji cha shule. Tukipata nafasi ya halali ya ufadhili tutamwachia aende, na tutamsindikiza kwa furaha.

Mama mwenzetu, hatusemi vipaji vizikwe. Hana, mama wa Samweli, alimtoa mwanawe akiwa mdogo sana. Lakini alimpeleka yeye mwenyewe, alimjua Eli aliyemkabidhi, aliijua njia ya Shilo, na kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Basi akija mtu kumtaka mtoto wako, muulize jina la shule, nani atamwangalia akiumia, na akiachwa atakwenda kwa nani. Mtu mwema hatachukia kuulizwa.

Sisi hatukushona kanzu. Tulimnunulia viatu vya kikapu kule Memphis, namba 47, kwa kipimo tulichoondoka nacho. Alipovijaribu vilimbana. Alikuwa ameongezeka wakati hatupo.