Walimpenda Alipokuwa Binti

Januari 1950 mwigizaji Kinuyo Tanaka alirudi Tokyo kutoka Marekani akiwa amevaa miwani ya jua na gauni la Kizungu. Alipoondoka, miezi mitatu nyuma, alikuwa ndani ya kimono, mjumbe wa urafiki wa taifa lililotoka kushindwa vita, na watu walimsindikiza kwa shangwe. Safari hii aliwaamkia waandishi wa habari kwa "Halo!" ya Kimarekani, kisha akazungushwa mtaa wa Ginza juu ya gari la wazi huku akiwarushia watu mabusu kwa kiganja. Kosa lake ni hilo tu.

Ukimsimulia kijana wa leo kisa hiki atasubiri umalizie. Atataka kujua alimtukana nani, aliiba nini, alikutwa na mume wa nani. Lakini Japani ya mwaka ule ilikuwa bado chini ya jeshi la Marekani, mchele ulikuwa wa mgao, na mabinti waliotembea na askari wa kigeni walinyooshewa vidole kila kona. Kinuyo nchi nzima ilimchukulia kama mtoto wa nyumbani. Kumwona akishuka na mapozi ya Hollywood kuliwatonesha watu kidonda. Magazeti yakamshukia. Filamu zake zilizofuata zikasemwa vibaya, na wapo walioandika bila haya kwamba uzee umemwingia vibaya. Alikuwa na miaka 40. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba siku zile aliwaza kujiua.

Matusi hayo mimi nayasamehe. Magazeti ni magazeti. Kinachonikereketa hadi leo ni kilichomkuta baadaye kidogo, alipotaka kukaa upande wa pili wa kamera. Ila huko hakufikiki bila kuanzia Shimonoseki.

Ni mji wa bandari, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Honshu. Kinuyo alizaliwa hapo tarehe 29 Novemba 1909, kitinda mimba wa watoto wanane. Baba alifariki binti akiwa mdogo sana, hali ya nyumbani ikaporomoka, familia ikahamia Osaka. Huko aliingia kwenye kikundi cha wasichana waliofanya maonyesho kwa muziki wa biwa, ala ya nyuzi ambayo ni ndugu wa mbali wa udi tunaousikia kwenye taarabu. Ukoo wa ala zote mbili unarudi Uajemi. Mwaka 1924, akiwa na miaka 14, kampuni ya Shochiku ikamchukua.

Sinema zilikuwa bado bubu. Alikuwa mfupi, uso wa duara, wala si mrembo wa kusimamisha mtaa, na nadhani ndiyo maana kila mtu alimwona wa kwake. Mwaka 1931 Heinosuke Gosho alipotengeneza filamu ndefu ya kwanza ya Kijapani yenye sauti iliyofanikiwa, mke wa nyumbani aliyecheza humo alikuwa Kinuyo. Miaka hiyo jina lake lilikuwa linauza tiketi hata kampuni ikaliweka kwenye majina ya filamu zenyewe: kulikuwa na hadithi ya Kinuyo, kukawa na daktari Kinuyo, na mwaka 1940 likaja penzi la kwanza la Kinuyo. Mwaka 1938 alicheza nesi mjane mwenye mtoto anayependana na daktari, katika *Aizen Katsura*, na majumba ya sinema yakafurika. Penzi lake la kweli lilikuwa fupi zaidi. Aliishi na mwongozaji Hiroshi Shimizu kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1920, wakaachana, naye hakuolewa mpaka anaingia kaburini.

Anayetaka kujua uwezo wake na ana dakika kumi tu, atafute mwisho wa *Rikugun*, filamu ya mwaka 1944 ya Keisuke Kinoshita. Iliagizwa na jeshi kuwatia wananchi ari. Muswada ulisema tu kwamba mama anamsindikiza mwanawe anayekwenda vitani. Kinuyo yumo dukani peke yake, kichwa kinamzunguka, ananong'ona maneno ya waraka wa kifalme ambayo kila askari aliyakariri. Kwa mbali tarumbeta inalia. Anatulia, anasikiliza, halafu miguu inamtoa nje yenyewe. Anaingia barabarani, anakata vichochoro, anajipenyeza katikati ya watu wanaopunga bendera, anatazama uso wa askari mmoja mmoja mpaka anamwona wake. Anakimbia ubavuni mwake, anatabasamu huku analia. Umati unamsukuma, anaanguka, anainuka, lakini safu imeshapita. Anabaki amekutanisha viganja kama aombaye. Hakuna anayesema lolote, na serikali ilielewa vizuri sana. Mama wa shujaa hakutakiwa kulia. Kinoshita hakuongoza filamu nyingine mpaka vita vilipokwisha.

Huyo ndiye mwanamke waliyekuja kumzomea kwa ajili ya Ginza miaka mitano baadaye.

Aliyemwokoa ni Kenji Mizoguchi, na hapa hadithi inakuwa na uchungu wa aina yake. Mizoguchi alikuwa mwongozaji mkali ajabu, mtu wa kumrudisha mwigizaji nyuma mara kwa mara bila kumwambia alichokosea. Yeye na Kinuyo walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1952 alimpa *Maisha ya Oharu*, hadithi ya binti wa ikulu wa karne ya 17 anayependa mtu wa daraja la chini, anafukuzwa, anashushwa ngazi moja baada ya nyingine mpaka anazeeka akijiuza barabarani. Filamu inaanzia mwishoni. Tunamwona Oharu kwa nyuma, usiku, amejitanda kitambaa, anatembea kwa mwendo wa mtu asiyesubiriwa na yeyote, na kamera inamfuata mgongoni bila haraka. Waliomwita mzee magazetini walipewa uzee wenyewe, ukiwa umepakwa poda ili wateja wasiushtukie. Filamu ilizawadiwa Venice, na Kinuyo akarudi kuwa fahari ya taifa. Mwaka uliofuata wakatoa *Ugetsu*, kisha *Sansho*, ambamo yeye ni mama aliyetenganishwa na wanawe na kuishia kipofu ufukweni. Wanaopanga filamu bora za karne ya 20 huwa hawaziachi hizo.

Wakati huohuo Kinuyo alikuwa anajifunza kazi nyingine. Mwaka 1953, staa wa miaka karibu thelathini kwenye sinema, alikubali kuwa msaidizi wa mwongozaji Mikio Naruse ili aone jinsi mambo yanavyopangwa. Mwaka huohuo akaongoza filamu yake ya kwanza, *Barua ya Mapenzi*. Kinoshita ndiye aliyemwandikia muswada. Inamhusu mwanajeshi aliyerudi vitani, anayepata riziki kwenye kichochoro cha Shibuya kwa kuwaandikia wanawake barua za Kiingereza kwenda kwa wapenzi wao wa Kimarekani waliorejea kwao. Siku moja anakutana na mwanamke aliyempenda tangu ujana, naye ni mmoja wao. Kinuyo hakuchagua mada hiyo kwa bahati. Alishaonja kuhukumiwa kwa sababu ya Marekani. Mwaka 1954 filamu ikashindanishwa Cannes.

Mizoguchi hakufurahi. Alikuwa rais wa chama cha waongozaji, na Kinuyo alipotaka kuongoza filamu ya pili, muswada ukiwa wa mwongozaji Yasujiro Ozu mwenyewe, Mizoguchi alipinga. Ikaripotiwa kwamba alisema Kinuyo hana akili ya kutosha kuongoza. Alisema hivyo mtu ambaye jina lake duniani lilibebwa kwa kiasi kikubwa na uso wa mwanamke huyohuyo! Na si kwamba hakuwahi kumwona mwanamke akifanya kazi hiyo. Tazuko Sakane, aliyekuwa msaidizi wa Mizoguchi kwa miaka mingi, aliongoza filamu yake mwaka 1936, wa kwanza nchini Japani, na hakupewa nafasi nyingine ya kuongoza filamu ya hadithi kwenye studio kubwa. Kinuyo hakusalimu amri. Ozu alisimama upande wake, filamu ikatoka mwaka 1955 kwa jina la *Mwezi Umechomoza*, na uhusiano wake na Mizoguchi ukafa. Mwaka uliofuata Mizoguchi naye akafariki.

Katika filamu hiyo Kinuyo alijipa nafasi ndogo ya mtumishi wa nyumbani. Binti wa familia ana njama za kuunganisha wapenzi, kwa hiyo anamtaka mtumishi apige simu ajifanye mtu mwingine. Mtumishi hajui kujifanya. Binti anamfundisha: sema hivi, sauti ishuke hapa, rudia, hapana, rudia tena. Kinuyo, mwenye sauti iliyojulikana nchi nzima, anakosea kwa ustadi mkubwa, uso umemwiva kwa aibu. Mimi hucheka kila mara, kisha nakumbuka ni nani alikuwa akimrudisharudisha hivyo kwa miaka kumi, na ni nani safari hii aliyekuwa na mamlaka ya kusema imetosha.

Filamu yake bora kwa maoni yangu ni ya tatu, ya mwaka huohuo wa 1955, juu ya maisha ya Fumiko Nakajo, mshairi wa Hokkaido aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 31. Muswada uliandikwa na mwanamke, Sumie Tanaka. Kuna sehemu ambapo Fumiko, ameshakatwa matiti, anakwenda kuoga kwenye nyumba ya rafiki. Mwenye nyumba anafungua dirisha na kumwona kifua. Anageuza uso. Fumiko hafichi kitu, wala haombi radhi; anataka aonekane alivyo. Mwaka 1955, nani mwingine alithubutu kupiga picha ya namna hiyo?

Zilizobaki nitazipitia haraka. *Binti Mfalme Mtangatangaji* ya 1960 ni filamu kubwa ya rangi juu ya mwanamke wa Kijapani aliyeozwa kwa mdogo wa mfalme wa mwisho wa China. Nzuri kwa macho, baridi kidogo. Ile ya 1961, juu ya wanawake waliotolewa kwenye madanguro baada ya sheria mpya na kukuta mtaa hauwataki, ina ukali wa mtu anayekijua anachokisema. Ya sita ikatoka 1962. Kisha basi. Alikuwa na miaka 52, na hakuongoza tena.

Kuigiza hakuwahi kuacha. Mwaka 1958, katika *Wimbo wa Narayama*, alicheza bibi wa kijiji cha njaa ambaye ni lazima apelekwe mlimani kufia huko akitimiza miaka 70, na anaona haya kwa kuwa meno yake bado ni mazima, kwa hiyo anayavunja kwa kuyagonga kwenye jiwe la kusagia. Magazeti yalieleza kwamba mwigizaji aling'oa meno yake ya mbele kwa ajili ya kazi hiyo. Alikuwa na miaka 48. Nchi iliyomwona mzee akiwa na 40 ilimpigia makofi alipojifanya mzee wa 69.

Filamu inayotugusa sisi wa pwani ni ya mwaka 1974, *Sandakan namba 8* ya Kei Kumai. Ni hadithi ya Osaki, bibi wa Amakusa aliyeuzwa utotoni akapelekwa Borneo kufanya kazi ya danguro. Wasichana kama yeye, waliotoka vijiji maskini vya kusini mwa Japani, walisambazwa bandari nyingi za Bahari ya Hindi. Wapo waliofika mpaka Unguja na kuishi Mji Mkongwe mwanzoni mwa karne ya 20. Kinuyo ni Osaki uzeeni, kwenye kibanda kibovu chenye paka wengi, akimpokea mtafiti kijana anayetaka kujua yaliyopita. Wakiagana, bibi hataki pesa. Anaomba kitaulo alichokuwa akitumia mgeni, apate cha kumkumbukia. Anapopewa anakikumbatia na kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekibana miaka hamsini. Berlin walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1975. Tarehe 21 Machi 1977 uvimbe kwenye ubongo ukamuua, akiwa na miaka 67. Ndugu yake wa ukoo, mwongozaji Masaki Kobayashi, alimuuguza mwishoni.

Halafu kimya. Alitajwa, naam, lakini alitajwa kama mwigizaji wa Mizoguchi. Filamu zake sita zilionyeshwa kwa nadra, na nje ya Japani ilikuwa kazi kubwa kuzipata. Mpaka mwaka 2021. Zilisafishwa zote, *Mwezi Umechomoza* ikaonyeshwa Cannes kwenye kundi la filamu za kale, Lyon wakafuata na zote sita, mwaka uliofuata New York. Wahakiki wakashangaa kwamba mtu huyu alikuwepo muda wote. Nilisoma mshangao wao kwa furaha yenye ladha ya shubiri. Filamu zilikuwa kwenye ghala za kampuni tangu 1962, hazikuzikwa na volkano. Mwanamke aliyezitengeneza aliishi miaka 15 baada ya ile ya mwisho, timamu, mwenye jina, anajibu simu. Kwa nini hakuna aliyempa ya saba?

Shimonoseki leo wana jumba la makumbusho lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 2010. Gazeti la Mainichi nalo, kwenye tuzo zake za filamu, lilianzisha mwaka 1985 Tuzo ya Kinuyo Tanaka, na kuipata ni heshima kubwa. Ni tuzo ya waigizaji wa kike.