SENSA HAIKUDANGANYA

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo nimeikariri tangu shule ya msingi, lakini uzito wake niliujua likizo ya Agosti, gerejini kwa mjomba wangu hapa Nyahururu.

Mama mmoja muuza kabichi alikuwa ameleta pikapu ya kabureta aliyoinunua Mombasa. Ilitoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka nyikani. Mjomba alinieleza sababu. Mombasa iko usawa wa bahari, hewa yake ni nzito. Huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishiwa pwani ikifika huku, petroli huizidi hewa.

"Zamani tulitumia masikio na pua," akasema. "Leo tutapima."

Akatoa sensa ya oksijeni aliyouziwa na kijana wa spea jijini Nairobi. Nikamwuliza mbona asitumie zile za bei rahisi tunazotoa kwenye magari mabovu. Akacheka.

"Ile ya kipimo chembamba inajua jambo moja tu: petroli imezidi au imepungua. Kwa kiasi gani, haikwambii. Hii ya kipimo kipana hukupa nambari, tuseme kutoka 10 hadi 20."

Nambari hiyo ni gramu za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kwenye 14.7 vyote viwili huungua vikamalizana. Injini ikipanda mlima na mzigo hutaka petroli zaidi, karibu 12.5 au 13.

Kuifunga nako kuna masharti. Tulifungua bomba la ekzosi tukalipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Akatia nati upande wa juu, ili maji yanayojikusanya bombani yasiiguse sensa ikapasuka. Waya wa moto tuliupitisha kwenye fyuzi, upate umeme swichi ikiwashwa. Waya mweusi tuliukaza kwenye chuma cha injini kisicho na rangi wala kutu. Sensa hii hujipasha moto kupita nyuzi 700. Ukiiacha kwenye moshi bila umeme, hujaa masizi ikaharibika.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Mjomba alinipa shilingi 300 nikanunue gasketi mpya ya kuweka pale bomba linapoungana na injini. Njiani harufu ya chipsi ikaniita, nami nikaitika. Nikanunua chipsi na soda. Nikajiambia, "Ile ya zamani si iko?" Nikaifuta kwa kitambaa, nikaifunga, nikanyamaza.

Injini ilipowashwa, kipimo kilisoma 17. Mjomba akakuna kichwa. Moshi mweusi, plagi nyeusi tititi, na mashine yasema hewa imezidi? Akashika simu.

"Wewe kijana, umeniuzia feki! Kesho nakuja huko, na pesa zangu utarudisha!"

Nilimsikia yule kijana akiapa kwa jina la mama yake. Moyo ulinienda mbio. Chini ya gari nilisikia tik, tik, tik. Gasketi ilikuwa ikivuja. Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia mwanya. Sensa ilihesabu oksijeni ya hewa hiyo. Haikuwa feki. Feki nilikuwa mimi.

Nilijikaza kisabuni. "Mjomba, kosa ni langu. Gasketi sikununua. Pesa nilizila."

Nilitarajia kofi. Mjomba alinitazama kimya, kisha akapiga simu tena. "Kijana wangu, nisamehe. Sensa yako ni nzima. Kosa ni la hapa kwetu." Hakunitaja. Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko.

Tulitia gasketi mpya na nambari ikawa 11.2, sawa na moshi tuliokuwa tukiuona. Mjomba akaweka jeti ndogo zaidi. Barabara tambarare ikasoma 14, na mlimani, tukiwa na magunia ya mchanga, 12.8. Moshi ukatoweka. Mama wa kabichi alipokuja alisema, "Sasa nitabaki na kitu mfukoni."

Zile shilingi 300 nililipa kwa kuosha vipuri Jumamosi tatu. Sikunung'unika hata mara moja.

Wenzangu, kifaa husema kile tu kilichopita mbele yake. Ukiacha mwanya mahali, kitausoma mwanya wako, na mtu asiye na hatia ataitwa mwizi. Kabla ya kulaumu kipimo, kwanza chungulia gasketi uliyoifunga wewe mwenyewe.