Usiache Hadithi Zizikwe



Mimi ni mtunzi wa hadithi. Nilianza kuzipenda kando ya moto, nyumbani kwa bibi yangu. Kila jioni alisema, "Paukwa!" Sisi watoto tuliitika, "Pakawa!"

Nilipojua kusoma, nilipata kitabu kiitwacho Kusadikika. Kilitungwa na Shaaban Robert, kikatolewa mwaka 1951. Kinaeleza habari za nchi iliyo angani. Nchi hiyo haipo. Lakini humo yumo Karama, aliyeshitakiwa kwa sababu alitaka kufundisha watu sheria. Nilishangaa. Nchi ni ya kubuni, lakini dhuluma yake niliijua. Tangu siku hiyo nami natunga.

Jambo moja linaniuma. Nilijua kuandika, lakini bibi alifariki kabla sijaandika hata hadithi yake moja. Leo nakumbuka tatu tu. Nyingine zimezikwa naye.

Ndugu, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Je, kwako yuko mzee anayejua hadithi? Chukua daftari na kalamu. Keti naye leo jioni. Andika kama anavyosema. Kisha wasomee watoto.