Askari Mmoja, Rekodi Tatu

Leo tuziweke kando habari za simu mpya na lugha mpya za programu. Nataka tuzungumzie kitu kisicho na mvuto hata kidogo: rekodi za wafanyakazi. Na mfanyakazi nitakayemtolea mfano ni askari wa Marekani. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, jeshi lile lina fedha za kununua kompyuta yoyote inayouzwa duniani, kwa hivyo hakuna anayeweza kusingizia umaskini. Pili, ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, huyaandika makosa ya serikali waziwazi, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lina askari wa makundi matatu. Kuna wa kudumu, kuna wa akiba, na kuna wa National Guard, ambao siku za kawaida huwa chini ya gavana wa jimbo lao. Huyu wa National Guard ni mwalimu au fundi wa magari, na kwa kawaida hufanya mazoezi wikendi moja kwa mwezi. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, maelfu ya watu wa namna hii waliitwa wavae sare kwa miezi mingi mfululizo.

Novemba 2003 GAO ilitoa ripoti kuhusu malipo yao. Ilikuwa imekagua vikosi sita vyenye askari 481 walioitwa kazini. Kati yao, 450 walikuwa wamepata tatizo moja au zaidi la malipo. Isome tena hiyo: 450 kati ya 481. Wengine walicheleweshewa, wengine walilipwa pungufu, wengine walilipwa kupita kiasi kisha wakadaiwa. Katika kikosi kimoja cha Colorado, askari 34 waliandikiwa madeni ya wastani wa dola 48,000 kila mmoja, jumla yake kama dola milioni 1.6, na sehemu kubwa ya deni hilo haikuwa ya kweli. Wakaguzi waliwaarifu wakubwa wa wizara mwezi wa Aprili. Hadi Septemba jambo lilikuwa bado halijatatuliwa.

Ukisikia hivyo utadhani kulikuwa na wizi, au makarani walikuwa walevi. La. Fuata safari ya taarifa za askari mmoja uone.

Amri ya kumwita kazini iliandikwa katika mfumo mmoja. Cheo chake, familia yake na mafunzo yake vilikaa katika mfumo wa pili. Mshahara ulikaa katika mfumo wa tatu. Mifumo hii haikuunganishwa ipasavyo, kwa hivyo kiungo kilikuwa ni karani, anayesoma karatasi au skrini moja na kuandika upya katika nyingine. Isitoshe, ule mfumo wa mishahara ya askari wa akiba ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya mtu wa mazoezi ya wikendi, si mtu aliye ng'ambo mwaka mzima. Posho ya kufanya kazi katika mazingira magumu, kwa mfano, haikuweza kujilipa yenyewe. Ilibidi iingizwe kwa mkono kila mwezi, askari mmoja mmoja. Karani akisahau, mtu hakulipwa. Na askari akirudi nyumbani taarifa zisipofika, baadhi ya posho ziliendelea kuingia, na baadaye zikageuka deni.

Sasa angalia jambo hili kwa jicho la mtengeneza programu. Askari wa kudumu aliyekaa kambi ile ile, cheo kile kile, mwaka mzima, hana shida. Mifumo yote mitatu inakubaliana juu yake kwa sababu hakuna kilichobadilika. Rekodi huharibika mtu anapovuka mpaka: kutoka akiba kwenda kazi ya kudumu, kutoka jimbo kwenda serikali kuu, kutoka vitani kwenda hospitali. Pale mpakani ndipo mfumo mmoja unajua na mwingine haujajua.

Mimi sijawahi kuvaa sare, lakini jambo hili nimeliona kwa macho yangu hapa Nairobi. Niliwahi kupewa kazi ya kuunganisha hifadhidata mbili za mwajiri mmoja, nisiyemtaja. Moja ilikuwa ya vibarua, nyingine ya waajiriwa wa kudumu. Moja iliweka jina zima katika safu moja, nyingine ikaligawa mara tatu. Mohamed wa huku alikuwa Muhammad wa kule. Watu wengi ajabu walizaliwa tarehe 1 Januari, maana karani asipojua siku hujaza hiyo. Lakini rekodi zilizonitoa jasho hazikuwa hizo. Zilikuwa za watu waliopandishwa kutoka kibarua hadi ajira ya kudumu, kwa sababu walipewa namba mpya ya kazi na ile ya zamani haikufungwa. Jamaa mmoja alikuwa hai katika orodha zote mbili, na mkopo wake wa sacco ulikatwa mara mbili kwa miezi kadhaa. Alipolalamika aliambiwa kompyuta haikosei. Kompyuta haikukosea kweli. Kila moja ilisema sawasawa na ilivyoambiwa.

Wengi hudhani dawa ni kumpa kila mtu namba moja. Namba ni lazima, sikatai. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliacha namba zake za zamani za utumishi tarehe 1 Julai 1969 na kuanza kutumia namba ya hifadhi ya jamii ya raia. Baadaye, kwa sababu ya hofu ya wizi wa utambulisho, wizara ikaanza kuihamisha ile namba na kutumia namba yake ya tarakimu 10, na kuanzia 2011 namba ya hifadhi ya jamii ikaondolewa kwenye vitambulisho. Lakini hebu kumbuka: wale 450 wote walikuwa na namba. Namba inakuambia kwamba rekodi mbili ni za mtu mmoja. Haikuambii ipi kati ya hizo mbili inasema kweli.

Dawa ya pili inayopendwa ni kubomoa kila kitu na kujenga mfumo mmoja mkubwa. Wamarekani walijaribu. Mradi uliitwa DIMHRS, na ulikusudiwa kushika utumishi na mishahara ya majeshi yote, ukichukua nafasi ya mifumo 90 hivi ya zamani. Baada ya zaidi ya miaka kumi na takriban dola bilioni moja, ulifutwa Februari 2010. Ugumu mmoja ni rahisi kuueleza. Kila jeshi lilikuwa na kanuni zake, desturi zake na maana zake za maneno. Ukilazimisha wote waingie katika jedwali moja kabla hawajakubaliana neno fulani lina maana gani, unachopata ni ubishi ulioandikwa kwa kodi ya kompyuta.

Na hapa kuna kichekesho. Wakati huo huo, Marine Corps walikuwa tayari na mfumo wao, MCTFS, unaoendeshwa kwenye kompyuta kubwa za mtindo wa zamani. Hauna sura ya kupendeza. Lakini askari wao wa kudumu na wa akiba wamo humo pamoja, na rekodi ya utumishi na ya mshahara ziko mahali pamoja. Akibadilika hali, tukio linaandikwa mara moja na mshahara unalifuata. Kwa hivyo uzee wa teknolojia haukuwa ugonjwa wenyewe.

Baada ya DIMHRS kufa, kila jeshi lilibaki na njia yake. Jeshi la nchi kavu lilijenga IPPS-A, likaenda hatua kwa hatua. Walianza na National Guard ya jimbo moja, Pennsylvania, mwaka 2019, kisha majimbo mengine. Januari 2023, baada ya kuahirishwa, wa kudumu, wa akiba na wa National Guard wakaingia katika mfumo mmoja wa utumishi, watu zaidi ya milioni moja. Mshahara uliachwa kwa hatua ya baadaye. Yaani zaidi ya miaka ishirini tangu wale askari waanze kuitwa, ndipo makundi matatu yakaonekana katika skrini moja.

Msomaji atauliza, kuna ubaya gani kusubiri? Ubaya upo katika ripoti nyingine ya GAO, ya 2006. Ilionyesha kwamba askari 900 hivi waliojeruhiwa vitani, na ambao walikuwa wameshaondoka jeshini, walikuwa na madeni ya jumla ya dola milioni 1.2, mengi yake yakitokana na matatizo ya malipo. Baadhi yao walipelekwa kwa mashirika ya kukusanya madeni. Sisi tunaoiogopa CRB tunaelewa maana yake. Mtu amerudi na jeraha, anataka mkopo wa nyumba, anaambiwa jina lake ni chafu, kwa sababu mfumo mmoja haukuambiwa kwamba yuko hospitali.

Kwa hivyo mimi siku hizi nikipewa mifumo miwili ya kuunganisha, siulizi kwanza ni Oracle au MySQL. Nauliza mambo matatu. Kila taarifa, mwenyewe ni nani, yaani idara gani ina haki ya kuibadilisha? Mtu akihama, nani huandika, na wengine hujuaje? Na mifumo miwili ikitofautiana, mtu wa kawaida anampigia nani simu, na huyo ana uwezo wa kurekebisha au wa kusikiliza tu? Swali la tatu ndilo maofisi mengi hayana jibu lake, na ndilo mhusika analolihitaji zaidi.

Wewe uliye na kazi kama hiyo, usianze na ripoti ya jumla inayosema asilimia kubwa ya rekodi ziko sawa. Chukua jina la mtu aliyehamishwa mwezi uliopita, umtafute katika kila mfumo, uone kama ni mtu mmoja. Ukimaliza huyo, chukua wa pili.