Masasi: Korosho ikishuka, kuta nazo zinasimama

Msomaji wangu, leo nakupandisha basi la Kusini. Ukitoka Dar unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa 2003, unapita Nangurukuru, unakata kona Mingoyo, unaiacha Ndanda, halafu majabali yanaanza kuchungulia. Ukiona mawe makubwa yamekaa kama tembo waliolala, jua umefika Masasi. Teremka, jinyooshe miguu, twende Mkomaindo.

Jina hilo wengi wanalijua kwa sababu ya hospitali. Mimi siumwi, namshukuru Mungu. Nimekuja kuangalia nyumba. Sisi vijana wa Dar tumezoea kusikia kodi inapanda kila mwaka, mpaka tunadhani dunia nzima iko hivyo. Kumbe huku nyumba inamsikiliza bosi mmoja tu: korosho.

Hesabu yake nyepesi. Mwaka 2017 kilo moja ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 mnadani. Mtu mwenye tani moja alikamata zaidi ya milioni nne kabla ya makato. Hapo ndipo mtu anapochimba msingi, anafyatua tofali, anaagiza saruji. Mwaka 2018 mambo yakageuka. Minada ya mwanzo ilileta bei chini ya 3,000, wakulima wakagoma kuuza. Novemba mwaka huo Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa 3,300 na jeshi litasomba. Bei ilipendeza, lakini kulikuwa na uhakiki, na kuna waliosubiri hela zao mpaka 2019. Ilipofika 2022, bei ikawa inachezea 2,000 na kitu. Tani ileile, nusu ya mshiko.

Sasa pita mitaani taratibu, utaisoma historia hiyo ukutani. Huku nyumba inajengwa msimu kwa msimu: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu kupaua. Msimu ukikataa, nyumba inasimama palepale ilipofikia. Pagala limefika kwenye renta, nondo zimeota kutu, mpapai umejiotea sebuleni. Mwenyewe hajahama wala hajafa. Anasubiri Oktoba.

Ndiyo maana ukimuuliza dalali kama bei za nyumba zimeshuka, anakuangalia kama umetoka mwezini. Wenye nyumba huku hawapendi kutangaza kushusha bei, ni aibu. Wanachofanya ni kulegeza masharti. Msimu ukiwa mzuri, chumba unadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Msimu ukichacha, mwenye nyumba huyohuyo anakwambia lete ya mwezi mmoja, tutaongea. Anayebembelezwa zaidi ni muuguzi au mwalimu, maana mshahara wake hausubiri mnada. Karibu na hospitali vyumba vinajitahidi kupata watu hata mwaka mbaya. Ukienda mbali kidogo, utaona kufuli zimeshika vumbi.

Ukipanda juu kule Newala, kwenye uwanda wenyewe wa Makonde, habari inakuwa nzito zaidi. Kule maji ni shida ya miaka na miaka, mabomba ya mradi wa Makonde yapo lakini kiu bado ipo. Bati la Newala lina kazi mbili: linakuzuia usilowe, halafu linakinga mvua iende kwenye tangi. Mtu akikwama kabla ya kupaua, amekosa paa na amekosa maji kwa mkupuo mmoja. Mama anaendelea kununua maji kwa ndoo huku kuta zake zinamtazama.

Wajanja watasema, basi si wangetegemea kitu kingine? Waulize wa Mtwara mjini. Gesi ilipovuma miaka ile ya 2012 na 2013, watu walijenga nyumba za wageni na kodi zikapaa wakisubiri wazungu wa mitambo. Bomba likakamilika 2015, gesi ikasafiri Dar, wageni wengi wakafungasha. Zikabaki nyumba zinazotafuta wapangaji.

Hapa ndipo nataka kuongea na wewe kijana mwenye akiba kidogo. Msimu mbaya ukija utaitwa pembeni: kuna kiwanja cha bei poa, kuna nyumba imefika kwenye renta, mwenyewe ana shida ya ada. Bei tamu kweli. Lakini bei hiyo ni jasho la misimu mitatu ya mtu, na mara nyingi anayeuza hajakubaliana na wenzake nyumbani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Na huku kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambako ukoo hufuatwa upande wa mama, mjomba ni mtu mzito. Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, onana na mke, onana na mjomba, pita kwa mwenyekiti wa mtaa. Wakikubali wote, nunua kwa amani. Mmoja akinuna, kaa na hela yako.

Oktoba 2024 minada ilivuka tena 4,000, na watu wakakumbuka mapagala yao. Aliyeuza kwa hasira ya 2022 akawa anapita mbele ya ukuta wake mwenyewe akimwona mwingine anapaua. Hiyo inauma, jamani. Mzee mmoja wa Mkomaindo aliniambia yeye hakuuza kwa sababu tofali haziozi, hata zikinyeshewa misimu mitano. Nilipomwacha alikuwa anapalilia chini ya mikorosho, na nyumba yake bado haina bati.