Kete za Udongo

Miaka mingi iliyopita nilifasiri hadithi fupi ya Kimarekani ambamo mtu mmoja, usiku wa manane, anasukuma katikati ya meza vyote alivyo navyo. Nasema "vyote alivyo navyo" kwa kuwa ndiyo njia niliyoitumia kukwepa. Mwandishi alikuwa ametaja kitu mahususi: vile visahani vidogo vya mviringo ambavyo wacheza poka huviweka badala ya pesa. Kwa Kiingereza jina lake ni lile lile la viazi vya kukaanga, na lau ningeandika kwamba bwana yule alisukuma chipsi zake zote, msomaji wa Unguja angemwona ameshika sahani ya Forodhani yenye pilipili juu. Nikaandika "sarafu za bandia", nikafuta. Nikaandika "vibao", nikafuta. Mwisho nikaandika "kete", nikakaa nalo usiku mzima, asubuhi nikalifuta hilo nalo.

Yakini neno lilikuwa sahihi. Kete ni yale makombe madogo meupe ya pwani yetu, ambayo katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waliyanunua kwa wingi katika mwambao huu, wakayazungusha kwa merikebu hadi Afrika Magharibi ambako yalikuwa fedha ya sokoni, na wakayamwaga huko mengi mno hata thamani yake ikaporomoka. Kete ni komwe za bao vilevile. Kwa hiyo neno lilikwisha kuwa pesa, na lilikwisha kuwa mchezo, kabla mimi sijazaliwa; mfasiri atake nini zaidi? (Siku hizi vijana huita hivyo pia kipakiti cha unga wa kulevya. Lugha haiombi ruhusa kwa washairi.) Sababu ya kulifuta ilikuwa ya nyumbani, wala haikuhusu lugha.

Nyumbani kwetu palikuwa na bao la mti wa mfenesi, na komwe zake 64 ndani ya kifuko cha marekani. Baba alizichagua mwenyewe, mojamoja. Alipopewa kapu la komwe zilizookotwa ufukweni, hakutazama rangi. Alifumba macho, akaiweka moja katika kiganja hiki na nyingine katika kiganja kile, na isiyolingana na mwenzake aliitupa. Alisema mchezaji wa bao huhesabu kwa vidole kabla ya kuhesabu kwa akili, na komwe iliyo nyepesi humdanganya. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa fundi cherahani. Mwaka 1981, nami nina miaka kumi, alianza kucheza karata usiku na wenzake katika banda moja nyuma ya mtaa. Pesa hazikuwekwa wazi, kwa haya na kwa hofu. Ami aliazima kifuko chetu cha komwe, na kila komwe ikahesabiwa kuwa shilingi tano. Sikuwapo usiku ule wa mwisho. Nilikuwapo asubuhi, walipokuja watu wawili kuichukua cherahani, naye ami ameketi kwenye baraza na mikono yake imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Baba alipomwuliza, alijibu kwa sauti ya mtu anayesema kweli:

"Wallahi kaka, mimi sikuweka cherahani. Niliweka komwe."

Baba aliikomboa mashine ile kwa miezi mingi, kidogokidogo. Kifuko kilirudi na komwe 61. Hakutafuta tatu nyingine. Bao lilitundikwa ukutani na halikuteremshwa tena, na hakuna aliyeambiwa kwa nini. Juu ya kamari dini imekwisha sema, wala sina la kuongeza. Lakini jibu la ami sikupata kulisahau, maana ndani yake mna kazi yangu yote: kitu kimoja kimesimama badala ya kingine, kikawa chepesi kuliko hicho kilichosimamiwa, na mtu akakisukuma.

Mwaka 2023 nilikwenda kumtazama mwanangu, ambaye anaishi New Haven, katika jimbo la Connecticut. Kazi yake ni ya hospitali. Siku ya tatu alinitayarishia chai, akakohoa, akaniambia kwamba Jumamosi usiku wenzake wanne huja nyumbani kwake kucheza poka.

"Kamari, mwanangu?"

"Hakuna pesa, baba. Anayeshindwa ndiye aoshaye vyombo."

Kisha akaleta bahasha. Alikuwa ameagiza mifano kwa wauzaji, kete moja ya kila namna, kwani alitaka kununua seti nzuri ya nyumbani na alikuwa hajui achague ipi. Akazipanga mezani. "Wewe una mikono ya babu," akasema. Sikujua kwamba alikuwa anajua habari za mikono ya babu yake.

Msomaji, jambo la kwanza nililojifunza ni kuwa jina halisemi kweli. Zile ziitwazo kete za udongo hazifinyangwi zikachomwa kama mtungi. Nzuri zake ni mchanganyiko wa unga wa madini na gundi ya kiwandani, unaokandamizwa kwa joto na nguvu ndani ya kalibu. Udongo umo, lakini kama chumvi ilivyomo katika mchuzi. Mbaya zake hazina udongo hata chembe: ni plastiki iliyofichwa kisahani cha chuma tumboni ili iwe nzito, na juu ya sanduku huandikwa "udongo" na "gramu 11.5", au 13.5, kana kwamba uzito ni ushahidi. Na zile ziitwazo za kauri nazo ni plastiki ngumu iliyochapwa rangi. Nimefasiri mashairi kwa miaka thelathini, na sikuona aibu kukuta kuna watu wanaofasiri vibaya kunishinda.

Nikafumba macho. Ya plastiki ilikuwa baridi, ikateleza, na ilipogongana na mwenzake ililia kama kijiko ndani ya gilasi. Ya udongo ilikuwa nyepesi zaidi, kiasi cha gramu 9 au 10, kavu, yenye vumbi la mbali kama chaki. Ukingo wake mpya ulikuwa mkali kidogo, na mwanangu alinieleza kuwa utalainika kwa miaka ya kushikwa. Ilipoangukia mwenziwe haikulia. Ilitoa sauti fupi, butu, na mimi nilikuwa nimekwisha isikia sauti hiyo kabla ya kujua kusoma: ni ya komwe inayoshuka shimoni. Nilifumbua macho upesi kuliko nilivyotaka.

Nikaitazama vizuri. Kipimo chake milimita 39, na ukingoni ina madoa ya rangi nyingine. Kwenye plastiki ile ya bei nafuu doa ni pambo la juujuu. Kwenye ya udongo hukatwa nafasi, ikajazwa kipande cha rangi ya pili kabla ya kukandamizwa, likapenya hadi upande wa pili. Ni njumu, kama za makasha yetu. Bei yake nayo si ya mchezo, kwani kete moja nzuri hufika dola moja na kupita, ambapo sanduku zima la plastiki la kete 500 hupatikana kwa dola makumi machache.

Siku ya pili, kabla ya kukata shauri, alinipeleka kwa gari hadi Deep River na kijiji cha jirani kiitwacho Ivoryton. Mimi ndiye niliyeomba. Huko ndiko pembe za ndovu zilizopakiwa Unguja, shehena kwa shehena, zilikokwenda kukatwa vipande vyembamba vya kupambia vibonyezo vya piano, na kuanikwa katika nyumba za vioo hadi zigeuke nyeupe. Zilikuwa zimebebwa mabegani kutoka bara, na wengi wa waliozibeba hawakurudi walikotoka. Katika karne hiyohiyo Wamarekani wenye uwezo walichezea poka kwa kete za pembe zilizochorwa nakshi kwa mkono. Tulisimama kando ya mto. Mwanangu alipiga picha, nami nikawaza juu ya kitu kilichopita katika hesabu ngapi kabla ya kuwekwa mezani kikaitwa "tano".

Tuliporudi tuligombana kidogo, kwa adabu. Yeye alitaka kete zilizoandikwa thamani, 5 na 25 na 100, zenye alama ya dola. Mimi nilizitaka tupu. Nilimpa sababu ya maana: kete isiyo na nambari humwachia mwenye nyumba apange apendavyo, nyeupe iwe moja, nyekundu tano, buluu kumi kama walivyozoea wa zamani, na kesho apange vingine. Alikubali kuwa ni kweli. Sababu yangu halisi sikumpa, hadi akaniuliza mara ya pili, ndipo nikamsimulia habari ya cherahani tangu mwanzo hadi mwisho. Hakusema neno. Akaagiza kete 300 za udongo, tupu, sitini kwa kila mchezaji.

Nilikuwa na komwe moja mfukoni. Huwa natembea nayo. Nilipoondoka nilimwachia, na kifukoni Unguja sasa zimebaki 60. Alinipigia simu baada ya mwezi kuniambia ameipatia kazi: katika poka kuna alama inayopita kwa kila mchezaji kwa zamu, kuonyesha nani anayehesabiwa kuwa mgawaji, na wao hutumia komwe hiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwamba mmoja wa wenzake ameleta rai kuwa kila kete nyeupe iwe senti 25, ili mchezo uchangamke.

"Nawe umesemaje?"

"Nimesema nyumbani kwangu vyombo ni vingi."

Kisha akaniambia kuwa mwenzake huyo aliiokota komwe, akaigeuzageuza, akauliza hii ni ya kiasi gani. Nikamwuliza mwanangu alimjibu nini. Akasema zamu ilikuwa yake ya kugawa karata, hakuwahi kumjibu.