Kauri mwenye pete chini ya mawe ya Jambiani

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, hutoka mbali hata mgeni akadhani bahari imehama. Ndiyo bamvua. Kinamama wa mwani hushuka na kamba zao, wanaotafuta pweza hushika njia ya mwambani, na watoto waliokuja mapumziko hukimbilia madimbwi.

Humo, chini ya mawe na matumbawe, huishi kauri mdogo ambaye wataalamu humwita Monetaria annulus. Wengi wao hawafiki sentimita 3. Mgongo ni mweupe wenye ukijivu, umezungukwa na mstari wa rangi ya chungwa mithili ya pete ya dhahabu. Upande wa chini kuna ufa mwembamba wenye meno kotekote.

Mtoto akimkuta hai huenda asimtambue. Gamba huwa limefunikwa na ngozi laini inayotoka ndani na kukutana mgongoni, na akiguswa huirudisha mara moja. Ngozi hiyo ndiyo inayolifanya gamba ling'ae bila kupakwa chochote. Mchana hujificha, giza likiingia hutoka kula mwani mdogo unaoota juu ya mawe. Jike akitaga hukaa juu ya mayai yake kama kuku.

Kauri wa Zanzibar wamesafiri kuliko wageni wengi wa Jambiani. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, waliwasomba kwa meli hadi Afrika Magharibi, ambako kauri ilikuwa fedha halali ya sokoni. Ziliingia nyingi mno, thamani ikaporomoka.

Leo huuzwa kwa mapambo. Mzazi anayenunua afahamu kwamba gamba lililokaa ufukweni juani hupauka. Linalometameta kama kioo, mara nyingi mwenyewe alichukuliwa akiwa hai.

Kuna jambo zito zaidi. Katika madimbwi hayohayo huweza kuwapo konokono wa aina nyingine, mwenye gamba lenye umbo la koni, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, lenye madoa ya kuvutia mno. Huyo ana jino kama sindano lenye sumu, na mmoja wa jamii yake, Conus geographus, amewahi kuua watu. Dawa ya kuzima sumu yake haipo. Kumshika upande wa nyuma si kinga, wala kumtia mfukoni. Mtoto asiyejua kutofautisha aangalie kwa macho tu, na miguuni avae viatu, maana urchini nao wamejaa.

Jiwe likifunuliwa lirudishwe lilivyokuwa, taratibu, upande uleule. Likiachwa kichwa chini, mayai hukauka kwa jua kabla maji hayajarudi. Nayo hurudi upesi: yakianza kujaa mifereji ya mchangani, ni wakati wa kuita watoto.